Vidole vitatu kutoka kwenye filamu: je, huo ni upinzani wa kweli?

Swali: "Nipo mwaka wa mwisho chuoni. Likizo hii tulitazama tena filamu zote nne za The Hunger Games zenye Katniss Everdeen, na pale watu wa Wilaya ya 11 wanapoinua vidole vitatu nililia kama mtoto. Baadaye nikaona picha za vijana wa Thailand na Myanmar wakiinua vidole vilevile mbele ya askari. Rafiki yangu mmoja ananicheka. Anasema ishara hiyo ilibuniwa na kampuni ya filamu ili iuze tiketi, kwa hiyo haiwezi kuwa upinzani wa kweli. Mwingine anasema ni saluti ya skauti tu, watu wameipamba. Wa tatu anashikilia kwamba ni alama ya siri yenye maana tatu maalumu, na asiyezijua hana haki ya kuitumia. Nabaki najiuliza: nililizwa na tangazo la biashara? Kuna na jambo la pili. Mwenzetu mmoja amefukuzwa chuo kwa sababu ya makala aliyoandika. Baadhi yetu tunataka kuinua vidole vitatu siku ya mahafali, uongozi ukiwa jukwaani. Je, kitendo hicho kitakuwa na maana yoyote, au tutaonekana watoto wanaoigiza sinema?"

Jibu:

Ndugu yangu,

Umeuliza mambo mawili, na la pili ndilo lililonifanya nikujibu upesi kwa sababu lina mtu ndani yake. Lakini siwezi kulifikia kabla ya kulimaliza la kwanza. Nikikusoma sawasawa, hofu yako ni kwamba chanzo cha ishara kinaichafua: ikiwa imezaliwa kwenye biashara ya burudani, basi machozi yako yalikuwa ya kununuliwa, na mkono utakaouinua utakuwa wa maigizo. Rafiki zako watatu wanapingana kwa maneno, ila wote wamesimama juu ya dhana moja, kwamba maana ya ishara imehifadhiwa kule ilikotoka. Sikubaliani na hata mmoja wao, na ushahidi wangu mkubwa umo ndani ya filamu hizohizo.

Kwanza tuweke kumbukumbu sawa. Kampuni ya filamu haikuibuni ishara ile. Imo katika riwaya ya Suzanne Collins iliyotoka mwaka 2008, miaka minne kabla ya filamu ya kwanza iliyoongozwa na Gary Ross. Collins ameeleza kwamba wazo la hadithi lilimjia akibadilisha chaneli za televisheni, huku vijana wakishindana kwenye kipindi cha burudani, huku picha za vita vya Iraq, mpaka vitu hivyo viwili vikaanza kuchanganyika akilini mwake. Kuhusu skauti, ni kweli kwamba huinua vidole vitatu, gumba likiwa limekishika kidole cha mwisho, na mkono wa Katniss unafanana na huo. Kufanana si kuzaliana. Waserbia nao wana vidole vitatu vyao, yaani gumba, cha shahada na cha kati. Hivyo ni alama ya utaifa wao, na ukiviinua mahali pasipofaa katika nchi za Balkani unaweza kuzua ugomvi ambao haukuwa wako. Mkono wa binadamu una vidole vitano tu. Ishara lazima zigongane.

Rafiki yako wa tatu naye nimpe jibu fupi. Waandamanaji wa Bangkok walipoulizwa mwaka 2014 vidole vile vina maana gani, hawakutoa jibu moja. Wapo waliotaja uhuru, usawa na udugu wa Mapinduzi ya Ufaransa, na wapo waliosema wazi kwamba wameitoa kwenye filamu. Hakuna baraza lililokaa likaipitisha maana. Kwa hiyo hakuna mlango wenye bawabu wa kukuuliza kama unazijua.

Sasa turudi kwenye filamu, maana nahisi mlipoitazama mlitekwa na mapigano mkaupita ule uwanja wa mwanzo haraka. Ni siku ya kuchagua watoto watakaopelekwa kuuana katika michezo inayoonyeshwa kwenye televisheni. Watu wa Wilaya ya 12 wamepangwa kwa safu, nguo zao zimepauka. Linatajwa jina la Primrose, mtoto wa miaka 12, na dada yake Katniss anajitolea kwenda badala yake. Effie Trinket, mjumbe wa Capitol, mji mkuu unaozitawala wilaya zote, aliyejipamba kwa rangi kali katikati ya umati wa kijivu, anaomba makofi kwa ajili ya aliyejitolea. Hakuna anayepiga. Kisha mkono mmoja unagusa midomo na kuinuka, unafuata mwingine, hadi uwanja mzima umesimama hivyo bila sauti.

Riwaya inatufafanulia kwamba hiyo ni ishara ya zamani ya wilaya hiyo, haitumiki sana, na huonekana mara mojamoja msibani. Inasema asante, tunakuheshimu, kwaheri mpendwa wetu. Haina siasa hata chembe. Kilichoifanya ya kisiasa siku ile ni mahali ilipowekwa: iliwekwa palepale makofi yalipotakiwa. Dola ilikuwa imeomba kitu kidogo sana, kwamba watu washangilie msiba wao wenyewe, na watu wakatoa kitu kingine. Naomba ulishike hilo, nitalihitaji nikifika kwenye mahafali yenu.

Mara ya pili ni kifo cha Rue, mtoto wa Wilaya ya 11. Katniss anampamba kwa maua, anageuka, anaitazama kamera iliyofichwa msituni na kuinua vidole vitatu. Hapa Ross alifanya uamuzi ambao mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi. Riwaya inasimuliwa na Katniss mwenyewe, hivyo haiwezi kuona asichokiona yeye. Filamu inaweza. Inakata ghafla hadi Wilaya ya 11, ambako watu waliokuwa wakitazama skrini wanamrudishia ishara ileile, halafu mwanamume mmoja anawavamia askari na ghasia zinazuka. Ishara ya msibani ya wilaya moja sasa imevuka mpaka na kufika kwa watu ambao hawajawahi kuzikana na wale wa Wilaya ya 12. Umbali huo imeusafiri kwa televisheni ya Capitol yenyewe. Kamera iliyowekwa ili kuwadhalilisha ndiyo iliyowaunganisha.

Mara ya tatu ndiyo iliyokuliza. Katika filamu ya pili, ya mwaka 2013, Katniss anapelekwa Wilaya ya 11 kusoma hotuba aliyoandikiwa. Anaiacha na kumzungumzia Rue. Mzee mmoja katika umati anapiga mluzi ule wa noti nne, wimbo wa Rue, na kuinua vidole. Umati unamfuata. Askari wanamburuta mzee hadi ngazini na kumpiga risasi. Tangu hapo, katika hadithi nzima, hakuna anayeinua vidole vile bila kujua bei yake.

Umeona kilichotokea? Mara zote tatu umbo la mkono ni lilelile. Kilichobadilika ni nani amewaona na nini kilimpata aliyeinua. Ndani ya filamu yenyewe ishara haikutoka mahali pake ikiwa imekamilika. Ilijazwa na walioibeba, na iliongezewa uzito na waliowapiga. Hata ndege aliyekuja kuwa nembo ya uasi, mockingjay, ana historia ya namna hiyo. Capitol ilitengeneza ndege wa kupeleleza maneno ya watu, mradi ukashindikana, ndege wakaachwa wafie porini. Hawakufa. Walizaana na ndege wa kawaida wakatoa kizazi ambacho Capitol haikukipanga. Kitu kilichotengenezwa na wenye nguvu kwa faida yao kikawaponyoka. Mtu anayesema "hii imetoka kwa kampuni, basi ni ya kampuni" hajaitazama hadithi anayoidharau.

Sasa nikueleze utaratibu wenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wasomi. Huwa tunadhani utawala wa mabavu husimama kwa sababu watu wanauamini, na kwamba ishara huwaamsha waliolala. Mara nyingi sivyo. Chini ya utawala wa hofu, watu wengi wanajua vizuri kabisa kwamba wanaonewa. Wasichokijua ni kama jirani naye anajua, na kama jirani anajua kwamba wao wanajua. Kila mmoja anapiga makofi kwa kuwa anawaona wengine wanapiga makofi, na kila mmoja anawahesabu wengine wote kuwa waumini. Ukosefu huo wa kujuana ndio ngome, na unamtosha mtawala hata kama hapendwi na mtu hata mmoja.

Ishara ya hadharani inavunja hapo. Vidole vitatu havimpi mtu habari mpya kuhusu serikali. Vinampa habari mpya kuhusu wenzake. Anayeona mikono kumi imeinuka amejifunza kwamba wapo kumi, na wale kumi wamejifunza kwamba yeye ameona. Ndiyo sababu kitendo kile hakiwezi kufanywa chumbani. Mtu anaweza kuandika jambo kali zaidi kwenye daftari lake na dola isitikisike, kwa sababu daftari halijulishi watu wao kwa wao.

Kwa kazi hiyo ishara ya filamu ina sifa ambazo hotuba haina. Ni ya mkono mtupu, hainunuliwi wala haipekuliwi mfukoni. Inafanywa kwa sekunde moja na kushushwa. Inaeleweka hata kwa asiyejua kusoma. Na kwa kuwa mamilioni wameitazama hadithi ileile, kila mmoja anakuja akiwa tayari ameubeba mfano mzima kichwani: watawala waliozama kwenye anasa, watoto wanaotolewa kafara, wanaotazama wakilazimishwa kushangilia. Hakuna haja ya kueleza. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Tofauti ya hapa ni kwamba hata mtawala ameligangua, na bado hawezi kukiri ameligangua nini bila kujitaja kuwa yeye ndiye Rais Snow, mtawala dhalimu wa hadithi ile.

Kilichotokea Thailand kinaonyesha mtego huo vizuri kuliko nadharia. Jeshi lilitwaa madaraka tarehe 22 Mei 2014 chini ya Jenerali Prayuth Chan-ocha na kupiga marufuku mikusanyiko ya kisiasa ya watu watano au zaidi. Mwanzoni mwa Juni vidole vitatu vikaanza kuonekana mitaani. Jeshi lingefanya nini? Likinyamaza, vitaongezeka. Likikataza, litakuwa limetangaza rasmi kwamba linaogopa ishara kutoka kwenye sinema ya vijana. Likachagua kuonya na kukamata. Wanafunzi wakahamia kwenye sandwichi: wakagawa na kula sandwichi hadharani kama njia ya kupinga, na mamlaka zikajikuta zikionya kwamba hata kula sandwichi kwa nia ya kisiasa kunaweza kumtia mtu matatani. Kila kilichokatazwa kiligeuka ishara mpya kwa sababu tu kimekatazwa.

Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo, wanafunzi watano wa Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa nchi, walisimama mbele ya Prayuth akiwa jukwaani anahutubia. Maandishi ya fulana zao, yakisomwa kwa pamoja, yalisema hawataki mapinduzi ya kijeshi. Wakainua vidole vitatu, wakaondolewa na kuwekwa kizuizini. Siku iliyofuata filamu ya tatu ilikuwa inaanza kuonyeshwa nchini humo, na kumbi kadhaa za Bangkok zikafuta maonyesho yake. Baada ya hapo, mtu wa Bangkok ambaye hakuwa na habari na Katniss alikuwa na sababu nzuri ya kumtafuta.

Ishara haikufa. Agosti 2020 wanafunzi wa shule za sekondari waliiinua wakiwa na riboni nyeupe wakati wa kupandisha bendera asubuhi. Wengi wao walikuwa watoto wadogo wakati wa mapinduzi ya 2014. Wao hawakuirithi kutoka Hollywood, waliirithi kutoka kwa kaka na dada zao waliokamatwa.

Baada ya jeshi la Myanmar kupindua serikali tarehe 1 Februari 2021, wauguzi na madaktari waliinua vidole hivyo hospitalini wakiwa na sare zao za kazi. Tarehe 26 mwezi huohuo balozi wa nchi hiyo Umoja wa Mataifa, Kyaw Moe Tun, alimaliza hotuba yake mbele ya Baraza Kuu kwa kuinua vidole vitatu, na siku iliyofuata watawala wa kijeshi wakatangaza kumfukuza kazi. Mei 28, golikipa wa akiba wa timu ya taifa, Pyae Lyan Aung, aliviinua wakati wimbo wa taifa ukipigwa kabla ya mechi dhidi ya Japani, akiwa ameandika juu ya vidole kwamba wanahitaji haki. Hakurudi nyumbani; Japani ilimpa hadhi ya ukimbizi Agosti ya mwaka huo. Na hao ndio waliosalimika. Maelfu ya raia wameuawa Myanmar tangu mapinduzi yale. Mwambie rafiki yako wa kwanza kwamba watu hao hawakuwa wateja wa kampuni yoyote.

Hata hivyo sitaki nimtupe rafiki huyo moja kwa moja, kwa sababu kuna kitu amekinusa. Filamu hizo nne ziliingiza karibu dola bilioni 3 duniani kote. Mwaka 2013 kampuni ya vipodozi ya CoverGirl ilitoa vipodozi vilivyopewa jina la Capitol, yaani hadithi inayowalaani wanaojipamba huku watoto wakifa iliuzwa pamoja na rangi za kujipambia kama wao. Hilo linanikera hadi leo. Kinyago cha Guy Fawkes kina kisa kama hicho. Kilichorwa na David Lloyd kwa ajili ya hadithi ya katuni ya V for Vendetta aliyoiandika Alan Moore, kikasambaa duniani baada ya filamu iliyoongozwa na James McTeigue, na haki zake zikabaki kwa Warner Bros., hivyo waandamanaji waliopinga nguvu za makampuni walikuwa wakiichangia kampuni kila waliponunua kinyago halisi. Lakini Januari 2012 baadhi ya wabunge wa Poland walijifunika nyuso kwa vinyago hivyo vya karatasi bungeni kupinga ACTA, mkataba wa kimataifa dhidi ya bidhaa na nakala bandia ambao wapinzani wake walihofia ungebana uhuru wa intaneti, na mwaka 2013 Bahrain ilipiga marufuku kuviingiza nchini. Fawkes mwenyewe, wa njama ya baruti ya 1605, alitaka kulipua Bunge la Uingereza pamoja na mfalme kwa sababu za kidini, wala hakuwa mtetezi wa uhuru wa intaneti. Chanzo kilisema hivi, watumiaji wakasema vile, na serikali zikawajibu watumiaji.

Hatari ninayoiona mimi ni kubwa kuliko biashara: ishara isiyo na mwenyewe inaweza kuokotwa na yeyote. John Carpenter aliitengeneza filamu ya They Live mwaka 1988 kuwakosoa matajiri na ubepari usio na breki. Miaka mingi baadaye wenye chuki dhidi ya Wayahudi wakaanza kuidai kuwa inawaunga mkono, hadi Januari 2017 mwongozaji mwenyewe akajitokeza kusema huo ni uongo na kashfa. Na The Hunger Games inalijua tatizo hili kuliko mashabiki wake. Filamu ya tatu inahusu zaidi utengenezaji wa propaganda kuliko vita. Waasi wanamweka Katniss studio aigize ushujaa, na anaonekana kituko. Anakuwa na nguvu pale tu anapofika kwenye hospitali ya Wilaya ya 8 inayopigwa mabomu na kusema kwa hasira yake mwenyewe. Kisha, katika filamu ya mwisho, Rais Coin wa waasi anapendekeza michezo ile ya watoto kuuana ifanyike mara moja zaidi, safari hii kwa watoto wa Capitol. Katniss anapewa mshale amuue Snow hadharani, anaugeuza na kumpiga Coin. Aliyekuwa nembo amekataa kutumiwa na upande wake. Kama mnataka filamu hizi ziwafundishe kitu kuhusu ukaidi wa kisiasa, hapo pana mafunzo mengi kuliko kwenye vidole.

Kwa hiyo, ulilizwa na tangazo? Hapana. Tangazo lilikuwepo pembeni, likifanya kazi yake. Wewe ulilia kwa sababu mzee alijua atakachofanywa na bado akapiga mluzi, na hisia hiyo ni ya kweli hata kama mzee ni mwigizaji. Rafiki akikucheka tena, usijitetee.

Sasa mahafali. Nitakuambia ninavyoona, ila uamuzi ni wenu.

Swali la kwanza halihusu ishara kabisa. Huyo mwenzenu aliyefukuzwa anataka nini? Mmemuuliza? Kama ana rufaa inayosubiri kusikilizwa, kitendo chenu kinaweza kuisaidia au kuiharibu, na mwenye kuubeba uzito huo ni yeye. Inawezekana pia kwamba amechoka na hataki jina lake liwe bendera ya mtu. Akisema msifanye, msifanye. Nasema hivyo bila kusitasita.

La pili, mtawajulisha nini walioko ukumbini? Utaratibu niliokueleza hapo juu hufanya kazi pale watu wengi wanapojua jambo lilelile na wanaogopa kulionyesha. Kama chuoni kwenu kila mtu anaijua habari ya kufukuzwa na wengi wameumia kimyakimya, mikono kumi na tano inaweza kuwafungua wengine mia. Kama wengi hawaijui, wataona vijana wanaofanya mambo ya sinema, kama ulivyohofia. Hapo tatizo litakuwa kwamba hamkuanza na kazi ya chini: kusambaza makala yenyewe watu waisome, kuandika barua ya pamoja yenye majina, kupitia serikali ya wanafunzi, kuwafikia wahadhiri wanaoweza kusimama nanyi. Thailand hawakuanza na vidole. Kulikuwa na mapinduzi ambayo kila mtu aliyaona.

La tatu ni umbo la ishara yenu. Rudi kwenye uwanja wa Wilaya ya 12. Nguvu ya kwanza pale, kabla hata vidole havijainuka, ilikuwa makofi yaliyokosekana. Mahafali ni shughuli iliyojengwa juu ya makofi. Watu mia mbili wasiopiga makofi kiongozi aliyetia saini barua ya kumfukuza mwenzenu anapotajwa, kisha wakayapiga kwa nguvu wahitimu wanapotajwa, watakuwa wamesema jambo ambalo kila aliye jukwaani atalisikia, na ni vigumu sana kumwadhibu mtu kwa kutopiga makofi. Sikulazimishi. Vidole vina faida ya picha. Picha husambaa na kimya hakisambai. Vidole pia vina hasara ileile, kwamba picha ina nyuso. Kinyago humficha mtu, mkono ulioinuliwa humtaja. Binafsi ningechagua kimya, au kimya kwanza na vidole kwa walioamua peke yao.

Kuna mambo ambayo mimi, mchambuzi wa filamu, sistahili kuyajibu kwa maandishi. Kabla ya siku hiyo mtafute wakili, mwonane naye ana kwa ana, mkiwa na kanuni za chuo na barua ya kufukuzwa mkononi. Muulizeni mambo matatu bila kuzungukazunguka: je, chuo kinaweza kuzuia vyeti vyetu, je, kuna sheria ya mikusanyiko au ya usalama inayoweza kutugusa nje ya chuo, na tukiitwa kuhojiwa tuseme nini na tunyamaze wapi. Sheria za mahali mlipo ndizo zitakazoamua, na filamu haiwezi kuwaambia. Msiyapange hayo kwenye kundi la simu lenye watu msiowajua. Yupo kati yenu anayesoma kwa ufadhili, au asiye na uraia wa nchi mlipo? Huyo aonane na wakili peke yake, kwa sababu bei yake si sawa na yenu, na aambiwe waziwazi kwamba akijitoa hakuna atakayemhesabu msaliti. Na mwenzenu aliyefukuzwa, ikiwa mnamwona amejifungia, halali au anazungumza kama mtu aliyekata tamaa ya maisha, hilo litangulie mipango yote. Apelekwe kwa mshauri nasaha au daktari wiki hii, asisubiri mahafali.

Mkiamua kufanya, kubalianeni mapema mtainua kwa sekunde ngapi na mtashusha lini, nani atazungumza na waandishi endapo wapo, na sentensi moja atakayoisema, yenye jina la makala ile na sababu iliyotolewa ya kumfukuza mwandishi wake. Video ipigwe kutoka nyuma, mikono ionekane na nyuso zisionekane, isipokuwa za wale waliokubali, na isipandishwe popote kabla kila aliyemo hajaitazama.